Leo Sivuki

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe mkubwa weka hiyo simu chini kwanza, maana pumzi niliyobaki nayo ni kidogo na sitaki kuigawana na mtu wa mbali. Najua mmeagiza boti ya saa tisa inivushe kwenda hospitali kubwa ya ng'ambo. Nimewasikia mkinong'ona jikoni, mkidhani mgonjwa wa moyo ni kiziwi pia. Basi nasema mbele yenu wote wawili: leo sivuki, na ninyi hamvuki.

"Mama, wametabiri asilimia thelathini tu," umeniambia asubuhi, mkubwa, ukacheka kidogo kama unayembembeleza mtoto. Hiyo thelathini tu niliisikia wewe ndiyo kwanza unaanza shule, mdogo wako hajaota meno. Baba yenu, fundi wa injini wa kivuko, alikuwa amekaa hapo hapo ulipokaa, anafuta grisi vidoleni, redio ikasema msimu wa joto unaisha na bahari imepata joto kupita kawaida, uwezekano wa dhoruba alasiri ni thelathini kwa mia. Akaniambia, "Mama watoto, thelathini kwa mia si hata nusu ya dhoruba, hiyo tunaimudu." Na gati zima lilielewa hivyo hivyo, kwamba dhoruba itakuja imepunguzwa, kama chai iliyoongezwa maji. Ikaja nzima. Watu kumi na mmoja hawakurudi, baba yenu akiwa mmoja wao.

Wakati ule nilikuwa nafagia ofisi ya hali ya hewa. Nikamwendea bwana mtabiri na fagio mkononi, nikamuuliza, hiyo thelathini ni thelathini ya nini? Akasema, "Mama, chukua siku mia zinazofanana na ile. Siku thelathini kati ya hizo dhoruba inakuja, na ikija haiji robo." Nikamuuliza mbona hamkutuambia hivyo. Akavua miwani akaifuta, na ilikuwa safi. Nikamwambia basi nifundishe kuandika maneno mawili, sihitaji la tatu: VUKA na USIVUKE. Ndiyo maandishi yangu yote duniani, na kwa miaka thelathini na mmoja nimeyaandika kwa chaki kwenye ubao wa mlango wa gati, kila asubuhi, baada ya kumsikiliza mtabiri hadi mwisho.

Mwenye kivuko, yule tuliyemwita Haraka, aliufuta ubao wangu kwa mkono wa shati lake. Nikaandika tena, akafuta tena, mpaka shati zima likawa jeupe kama la mwoka mikate. "Wewe mfagizi, nani kakupa cheo?" Nikamjibu, kivuko chako kilichomchukua mume wangu ndicho kilichonipa. Huyo sijamsamehe, na msinisumbue kwa hilo. Akija kunizika mpeni kiti, mpeni na chai, ila jeneza langu asilishike.

Ndiyo, nimekosea mara nyingi. Niliandika USIVUKE, bahari ikalala kama shuka iliyopigwa pasi, wakanicheka, wakaniita Bibi Usivuke hadi sokoni. Siku sabini kati ya mia nilipaswa kuchekwa, na nilichekwa zote bila kupunguza hata moja.

Sasa mambo ya nyumba. Nyumba hii ni ya mdogo wako, kwa sababu ndiye aliyerudi kunigeuza kitandani. Usikunje uso. Wewe nakuachia ubao, maana una sauti ya kubishana na manahodha na umesoma hata ukasahau kuogopa. Mdogo wako amenisomea karatasi ya utabiri wa hali ya hewa mpaka msimu uishe: maji ya pwani yana joto, ngurumo za alasiri, upepo wa ghafla huko nje kwenye kina kirefu, mawimbi ya mita mbili na nusu. Kwa hiyo watu wavuke asubuhi, kabla ya saa tano. Alasiri waiachie bahari.

Usilie, kitinda mimba wangu. Najua daktari kasema moyo huu hautangoja kesho. Basi usingoje, nani anauomba? Kesho alfajiri nikiwa hai nitavuka bila ubishi, na nikiwa maiti nivusheni saa hiyo hiyo, mnilaze kando ya baba yenu, ng'ambo kule maji yalikomtupa. Lakini kunipakia leo, pamoja na nahodha mwenye watoto wanne na abiria wanaoniamini kwamba Bibi akivuka basi kuko salama, hapana. Sitawatoa watu kafara ili niongeze wiki moja ya kunywa dawa chungu.

Inuka, mkubwa. Saa nane imeshapita. Chaki iko chini ya mto wangu, chukua. Andika kwa herufi kubwa, halafu usimame mbele ya ubao, usiondoke hata wakikutukana. Watakutukana. Mungu akupe... akupe kifua. Na wewe kitinda mimba, mama, Mungu akujalie watoto wakugeuze nawe kitandani. Msigombane juu ya... sufuria zangu. Muwe kitu kimoja.

Mkubwa ameshatoka? Fungua dirisha la upande wa gati. Hiyo ni injini ya boti... nahodha anaipasha moto. Nishike mkono, usiseme kitu. Bado inanguruma.

Bado.

Haya... imezimwa. Mwanangu huyo.