Ubao Uliozikwa kwa Jina la Mamitiana

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meya Rabenandrasana, wazee wa koo za Antsahavory, mchungaji wetu, Bibi Ravaonasolo uliyeketi kiti cha mbele, na majirani mlioacha mashamba yenu asubuhi hii kuja kutusikiliza:

Kabla ya neno lolote tunaomba radhi. Desturi yetu inamtaka anayesimama mbele ya watu aombe radhi, kwa kuwa wakubwa wake wamekaa kimya na yeye ndiye anayesema. Leo radhi yetu si ya desturi tu. Mtatuelewa tukifika mbele.

UKARIBISHO

Mheshimiwa Meya, karibu sana. Maji ya kunywa ya ukoko wa wali yako mezani, bado ya moto, na vitumbua vimekaangwa na mwenzetu Bi Hanta alfajiri ya leo. Tulipokuja ofisini kwako kukualika ulishika ubao wetu wenye picha ya daraja la zamani ukatuuliza, "Hii imechorwa au imepigwa?" Tulicheka tu kwa aibu. Jibu ni kwamba imepigwa, kisha ikahamishwa. Hiyo ndiyo kazi yetu.

HISTORIA YA KIKUNDI

Kikundi chetu kinaitwa Sary sy Hazo, yaani Picha na Mti. Kilianza miaka sita iliyopita jikoni kwa mwenyekiti wetu, Mama Lalaina, tukiwa wanawake watano. Waume zetu ni wachongaji kama baba zao walivyokuwa. Sisi kazi yetu ilikuwa kupiga msasa vinyago vyao na kufagia vumbi. Mabaki ya mbao tulikuwa tunapikia.

Mama Lalaina alijifunza ufundi huu kwa mtawa mmoja aliyekuwa akipamba ukuta wa zahanati. Picha anayoileta mteja hupelekwa dukani kwenye fotokopi, ikachapwa kwenye karatasi ya kawaida kwa wino wa unga, nayo ichapwe imegeuzwa kama inavyoonekana kwenye kioo. Ubao wa msonobari hupigwa msasa hadi uwe laini kama shavu, ukapakwa gundi nyeupe ya seremala, karatasi ikalazwa kifudifudi juu yake. Inaachwa mpaka kesho yake. Kisha tunailowesha kwa maji na kuisugua kwa ncha za vidole, polepole, karatasi inatoka kama uji na picha inabaki ndani ya mti. Ukisugua kwa pupa, unang'oa jicho la mtu.

Ubao wetu wa kwanza ulikuwa wa arusi. Tulisahau kuigeuza picha, jina la kanisa likatoka kinyumenyume na pete ikahamia mkono mwingine. Bibi arusi alituambia, "Basi nyie ndio mmeniozesha mara ya pili, na bado sijachoka na huyu wa kwanza!" Lakini aliuchukua, na hadi leo uko ukutani kwake.

MAFANIKIO

Leo tuko kumi na mmoja. Nyumba nyingi za mji huu zina ubao wetu sebuleni. Msimu wa baridi, koo zinapofungua makaburi na kuwatoa wazee wao kuwavika sanda mpya, mara nyingi picha inayotangulia mbele ya msafara ni ya mikono yetu.

Mafanikio makubwa kuliko yote yalikuja mwezi wa tisa. Wageni kutoka mji mkuu waliuona msafara wa ukoo wa Bibi Ravaonasolo, wakaupiga picha ubao alioubeba kifuani, wenye sura ya mwanawe Mamitiana. Kamati ya maonyesho ikauchagua kuwa kazi bora ya mkoa. Cheti chake, Mheshimiwa, ndicho ulichokuja kutukabidhi, na kiko kwenye bahasha ya msaidizi wako.

Tunaomba kisitolewe kwenye bahasha hadi tumalize kusoma.

CHANGAMOTO

Ni kawaida sehemu hii kutaja umeme, barabara na vitendea kazi. Umeme ni kweli unakatika, wala hatutaki kuusingizia. Changamoto yetu ni jambo tulilolifanya wenyewe.

Mamitiana, mwana wa pekee wa Bibi Ravaonasolo, alichukuliwa na mto mwaka wa kimbunga akiwavusha watu kwa mtumbwi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mwili wake haukupatikana. Kila mara ukoo wao unapofungua kaburi, ndugu zake wote hutolewa, huvikwa, hubebwa mabegani na kuchezewa ngoma, na mama yake husimama pembeni mikono mitupu. Miaka thelathini na moja amesimama hivyo.

Mwishoni mwa mwezi wa nane Bibi alikuja kwetu na vitu viwili. Kimoja ni picha ya mwanawe, ya pekee duniani, imepigwa studio, kijana amevaa koti la kuazima na mkono ameuweka juu ya meza. Cha pili ni ubao wa kichwani mwa kitanda alicholalia kijana huyo.

Akasema, "Wanangu, mtieni humu. Safari hii na mimi nibebe wangu."

Mama Lalaina akaipokea picha kwa mikono miwili, akamkabidhi katibu aipeleke kwenye fotokopi. Umeme ukakatika siku hiyohiyo. Siku ya tatu haukuwa umerudi, na msafara ni Jumamosi.

Katibu akasema, "Mbona tunateseka? Karatasi ni karatasi. Naigandisha hiihii."

"Subiri umeme," akasema Mama Lalaina.

"Jumamosi haisubiri umeme, dada. Nimeshafanya mbao mia mbili. Unanifundisha mimi?"

"Sikufundishi. Nakuomba."

Mama Lalaina akaenda sokoni. Alipokwisha kuondoka, picha ya Mamitiana ilipakwa gundi na kulazwa juu ya ubao wa kitanda chake. Kesho yake ililoweshwa na kusuguliwa.

Mheshimiwa, picha za zamani si kama karatasi za fotokopi. Sura yake iko kwenye ngozi nyembamba juu, na ngozi hiyo ikipata maji inayeyuka. Ilitoka vidoleni kama utelezi wa bamia. Kwanza paji la uso, kisha macho. Mkono uliacha kusugua umechelewa. Kilichobaki kwenye ubao ni ukosi wa koti na ule mkono uliokuwa juu ya meza.

Tulikaa jikoni tukiutazama. Mmoja wetu akasema twende kwa Bibi sasa hivi. Mwingine akasema, "Tukamwambie nini? Kwamba tumemuua mara ya pili?"

Bi Hanta alikuwa na picha ya marehemu kaka yake, Solofo, aliyezikwa kwao kusini, ya zama hizohizo, mwenye koti kama lile. Akasema macho ya Bibi yamefifia. Hakuna aliyesema ndiyo, na hakuna aliyesema hapana. Umeme ulirudi Ijumaa asubuhi. Tukachapa sura ya Solofo, tukaihamishia kwenye ubao mwingine wa msonobari tulioufukiza moshi ufanane na wa kitanda. Ulitoka safi kuliko ubao wowote tuliowahi kutengeneza.

Jumamosi Bibi aliupokea mlangoni kwake. Aliushika muda mrefu, akapitisha kidole kwenye shavu. Kisha akaukumbatia. Wapiga filimbi walipoanza, alicheza. Wengi wenu mlikuwepo, mlimwona. Tulikula naye wali uliozama kwenye mafuta ya nguruwe, tukapongezwa, tukaitikia. Jioni, kwa kuwa hakuna mwili, wazee waliufunga ubao ule kwenye sanda ya hariri, wakauingiza kaburini, mahali pa Mamitiana. Mlango wa jiwe ukafungwa.

Hivyo tulimwingiza mtu wa ukoo mwingine kwenye kaburi la watu, kwa jina lisilo lake.

Mheshimiwa Meya, wenzangu waliniagiza risala hii yote niiandike kwa "sisi". Mama Lalaina alisema, "Andika sisi, Noromalala. Sote tulikaa jikoni." Nimetii mpaka hapa. Lakini katibu aliyeambiwa asubiri umeme akajibu kwa kiburi ni mimi ninayesoma. Vidole vilivyomfuta Mamitiana ni hivi vilivyoshika karatasi hii.

Barua ya ushindi ilipokuja wiki tatu zilizopita nilitoka nyumbani siku hiyohiyo. Nikaenda kwa Bibi. Nilipiga magoti, nikaanza maneno marefu ya kuomba radhi kama tulivyofundishwa. Akanikatiza.

"Noro, simama, sakafu ina baridi. Nilijua."

"Ulijua lini, Bibi?"

"Mlangoni. Mwanangu alikuwa na kovu shavuni, aliangukia jiko akiwa anatambaa. Huyu wenu ana shavu kama yai."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, na filimbi zimeshaanza? Miaka yote nimesimama mikono mitupu. Siku hiyo nilikuwa na kitu. Nikasema moyoni, huyu naye ni mtoto wa mtu, ngoja nimbebe."

Nililia. Yeye hakulia. Aliniuliza ubao wa kitanda uko wapi. Nikamwambia uko kwangu, nimeugeuzia ukutani, sikuthubutu kuuchoma wala kuutazama. Akasema niulete. Nilipouleta aliuweka mapajani, akaweka kiganja chake juu ya ule mkono uliobaki, akakaa hivyo hadi chai ikapoa.

Kisha akasema, "Huu ni wake. Huu ndio nilitaka."

Nilimwomba ruhusa ya kulisema jambo hili leo mbele ya watu. Akajibu, "Lisemeni. Mimi nitakaa mbele, sisikii vizuri."

MAOMBI

Kwanza, Mheshimiwa, tunaomba ukirudishe cheti kwa kamati na uwaeleze sababu. Hatukistahili. Kama nafasi yetu kwenye maonyesho itapewa kikundi kingine, tutawasaidia kubeba mizigo yao.

Pili, tunaomba kibali cha halmashauri cha kulifungua kaburi la ukoo wa Bibi Ravaonasolo nje ya msimu, kabla mvua hazijashika. Wazee wa ukoo wamekubali. Wamesema maneno makali, na tumeyapokea. Wametudai ng'ombe wa kulisafishia kaburi, naye tumeshampata. Tunataka kumtoa Solofo, arudi kwao kusini pamoja na Bi Hanta, ambaye tangu mwezi wa tisa hajakaa kwa amani. Na tunataka Mamitiana aingie, kwa kile alichobakiwa nacho kwenye ubao wa kitanda chake.

Tulikuwa tumeandika ombi la tatu, la mashine ya kuchapa. Tumelifuta.

Picha ile hatuwezi kuirudisha. Tumeuliza studio zote; aliyeipiga amekufa na masanduku yake yalioza. Hakuna tena mahali duniani ambapo uso wa Mamitiana unaonekana, isipokuwa kichwani mwa mama yake, naye ana miaka themanini na minne. Haya tutaishi nayo, na mimi zaidi.

Mheshimiwa Meya, Mungu na wazee waliotutangulia wakupe afya na mkono mwepesi wa kutia sahihi. Waibariki Antsahavory. Wambariki Bibi Ravaonasolo kwa subira ambayo hatukuistahili. Na wale walioko upande wa pili, ambao tuliwachanganyia majina, watusamehe.

Ni sisi, wanakikundi wa Sary sy Hazo, Antsahavory.

Imesomwa na Noromalala, katibu, ambaye baada ya leo anaacha nafasi hiyo na kurudi kupiga msasa.