Selo ya Tarcisio Odur Bado Iko Stoo

Shilingi elfu nne hazilipwi, na yule aliyekuja jana jioni kuziulizia hapa hapa msibani, mjane akiwa ameketi kwenye mkeka, aliambiwa hivyo jana na leo anaambiwa tena mbele ya wote, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, hazilipwi leo, hazilipwi kesho, na kama ni gharama ya kutunza selo ya marehemu stoo, hakuna mtu wa nyumba hii aliyemwomba aitunze. Padre amesema tutulie, tumetulia. Sasa isomwe historia ya mtu, na anayeisoma ni shemeji yake, Khisa wa duka la hapa Nateete, kwa sababu ndugu wa marehemu wanausubiri mwili huko Kitgum, na yule mmoja aliyekuwa hapa Kampala, Ongom, alitoka kambini mwaka 1972 kwenda kununua sabuni, hakurudi, na hadi leo familia haijapewa jibu.

Tarcisio Odur alizaliwa tarehe 12 Februari 1927 Kitgum, mtoto wa nne wa Mzee Okot na Mama Filda, akabatizwa huko huko, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita, ada ikaisha kabla ya akili. Tarehe 6 Mei 1946 aliandikwa polisi hapa Kampala, na kwa kifua alichokuwa nacho wakamtupa moja kwa moja kwenye bendi, wakamvisha tarumbeta kubwa kuliko zote, ile inayomzunguka mtu kama chatu, akaipuliza kwenye gwaride kwa miaka mingi bila kulalamika.

Mwaka 1953 alikutana na Bwana Caetano, karani Mgoa aliyekuwa mpiga fidla, naye alikuwa anatafuta mtu wa tatu. Kwa wasioujua, muziki ule hupigwa na watu watatu tu, mmoja piano, mmoja fidla, mmoja selo, na selo ni ile fidla kubwa inayosimamishwa chini na kubanwa katikati ya magoti, yenye sauti nzito kama ya mwanamume anayesema na moyo wake. Caetano alikuwa na selo iliyoachwa na kaka yake, haina mpigaji, akaitazama mikono ya Odur akasema, "Wewe njoo Jumapili." Odur akaenda Jumapili ile na zote zilizofuata, na jambo la kwanza kufundishwa halikuwa kushika upinde, lilikuwa kuvuta pumzi, kwa sababu watatu wale hawana mtu wa kusimama mbele na kijiti, mmoja wao huvuta pumzi puani, wenzake wakaisikia, wakaanza pamoja, na asiyesikia pumzi ya mwenzake huyo hafai kukaa hapo.

Kwenye piano alikuwapo binti wa Kimilili, Nabalayo, dada yake Khisa huyu, ambaye baba yetu, mtu wa reli, alimsomesha kwa masista wa Lubaga. Odur alikaa karibu na binti huyo miaka mitatu bila kusema neno, hata baba akauliza huyu Mwacholi anataka nini, Nabalayo akajibu, "Bado anahesabu, baba, zamu yake ya kuingia haijafika." Khisa naye hakunyamaza, alisema, dada, utaolewa na mtu anayebeba jeneza mgongoni? Maana sanduku la selo lilikuwa na umbo hilo hasa. Wakafunga ndoa tarehe 24 Agosti 1957 katika kanisa kuu la Lubaga, Mungu akawajalia watoto watatu, Alanyo, Ayot na Okot, na huyo Alanyo ndiye aliyeushika upinde wa baba yake tangu ana miaka minane.

Mwezi wa tatu 1971 Odur aliacha kazi ya polisi, kwa sababu ambazo waliofanya naye kazi wanazijua, akaanza kutengeneza redio hapa Nateete. Mwaka uliofuata Caetano aliamriwa kuondoka nchini pamoja na Waasia wenzake, na asubuhi ya kuondoka alileta selo kwa mkono wake mwenyewe hadi mlangoni, Khisa akiwapo, akasema, "Hii si ya kuazima, Odur, ni yako na ya watoto wako. Msinyamaze." Kiti cha fidla akamwachia mwanafunzi wake Jalia, binti wa sajini wa Bombo, Mwislamu safi, na kundi likaendelea. Hata fundi wa piano alikuwa ameondoka, piano ya ukumbi ikawa inashuka sauti mwaka hadi mwaka, Odur akasema piano haina miguu ya kutufuata sisi, sisi tuifuate yenyewe, wakalegeza nyuzi zao mpaka zikakubaliana nayo.

Mwaka 1974 walisimamishwa kwenye kizuizi upande wa Bwaise, askari akaligonga sanduku kwa mtutu akauliza, "Wewe mzee, hapa ndani iko nani?" Odur akajibu, "Iko mwanamke, afande, mnene, anapenda kuimba." Wakamlazimisha aimbishe huyo mwanamke pale pale kando ya mtaro, naye akakaa juu ya kreti ya soda akapiga, wakamwambia nenda, lakini usirudi na huyu usiku, atatutoa machozi.

Sasa tufike kwenye ile siku, tarehe 15 Oktoba 1977, Jumamosi, ambayo wengine wanaisimulia wanavyotaka. Kundi lilialikwa kupiga katika Ukumbi wa Mwangaza, kipande cha sehemu nne, na kwa desturi ya muziki ule sehemu moja ikiisha watu hawapigi makofi, wananyamaza, wanangoja ya pili. Mgeni rasmi alikuwa ofisa mkubwa wa jeshi, na hakuna aliyemweleza desturi hiyo, wala meneja wa ukumbi ambaye kazi yake ilikuwa kumweleza. Sehemu ya kwanza ilipoisha ofisa akasimama, akapiga makofi, akatoa hotuba yake mfukoni, na ukumbi mzima ukasimama kwa sababu nani atakaa. Jalia naye alikuwa ameshainuka nusu. Odur peke yake ndiye hakuinuka, selo katikati ya magoti, akasema kwa Kiswahili cha kambini, bila kupandisha sauti, "Afande, bado. Kaa."

Ofisa akamtazama, akauliza, "Imebaki ngapi?"

"Tatu, afande."

"Ndefu?"

"Ya pili ndefu kidogo. Ya mwisho inakimbia."

Ofisa akakunja karatasi yake, akakaa, na watu wote wakakaa. Sehemu ya pili inaanzwa na piano peke yake, na mikono ya Nabalayo, amesema mwenyewe, haikutaka kushuka. Odur hakumwambia usiogope. Alivuta pumzi puani, ile ya siku zote, wala si kubwa zaidi, na mikono ya mkewe ikashuka. Wakapiga zote tatu hadi mwisho, ofisa akapiga makofi kuliko mtu yeyote, akasoma hotuba yake, akaenda zake, na hakuna askari aliyekuja Nateete kuuliza neno.

Aliyekuja juu ni meneja, raia mwenzetu, asiye na bunduki ila funguo. Usiku ule vyombo vililazwa ukumbini kwa ajili ya vizuizi vya barabarani, na asubuhi Odur alipofuata selo yake aliambiwa imefungiwa stoo mpaka alipe faini ya elfu mbili kwa kuuaibisha ukumbi. Odur akasema, "Aliyekalishwa ni afande, na hajadai. Wewe nimekukalisha lini?" Akakataa kulipa, akawa anarudi pale kila mwezi, amevaa koti, anadai chake kwa adabu, na kila akirudi ile faini ilibadilishwa jina na kupandishwa bei, mpaka leo inaitwa gharama ya stoo na imefika elfu nne.

Mwezi Februari mwaka huu kifua kilianza kumsumbua, tarehe 19 Mei akalazwa, na kwa kuwa hakuwa na selo alikuwa akiuchukua mkono wa mkewe, akaulaza kifuani, akaendesha vidole juu yake tangu kwenye kiwiko hadi kwenye kiganja, sehemu baada ya sehemu. Nabalayo alikuwa akimwambia, "Hapo umekosea, baba Alanyo," naye anarudia. Alifariki Jumanne tarehe 11 Julai 1978, alfajiri, mkono ukiwa bado kifuani.

Familia inawashukuru madaktari na masista waliotafuta dawa mahali ambapo dawa hazipo, majirani Wakristo na Waislamu waliochangia sukari na petroli ambazo sote tunajua zinavyopatikana, Jalia na wazee wa Bombo, polisi wa zamani wa bendi waliofika bila sare, na wateja wa redio ambao redio zao zitarudishwa, kila moja ina jina. Odur, umemaliza sehemu zako zote, hakuna wa kukusimamisha tena, lala kwa utulivu, shemeji yetu.

Jambo la mwisho. Meneja yupo hapa, ameketi chini ya turubai, chai yetu mkononi. Alanyo ana miaka kumi na tisa, mama yake yupo, Jalia yupo, na kiti cha tatu ni chake kwa neno la mwenye mali, Caetano. Gari la Kitgum linaondoka kesho alfajiri. Selo iletwe leo, na upinde wake.