Chupa Yenye Uzi Mwekundu
Wasifu wa Mama Wilkista Nabwile Khisa, 1953–2025

Mama Wilkista Nabwile alizaliwa tarehe 12 Aprili 1953 huko Kamukuywa, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Wangila na marehemu Mama Nafula. Mwaka wa 1965 baba yake alipata shamba katika skimu ya Tongaren, na familia ikahama na ng'ombe wanne, kuku, na mche mmoja wa mpera. Mche huo aliubeba Mama mwenyewe ndani ya mkebe, akiwa msichana wa miaka kumi na miwili, na njia nzima alikataa kupokelewa. Mbegu za mti huo ndizo zilizozaa mipera iliyo hapa nyuma ya jikoni. Wale mnaoiegemea, polepole tafadhali, matawi yamezeeka.

Alisoma katika shule ya msingi ya Naitiri hadi darasa la saba, mwaka wa 1969. Hakuendelea na sekondari, lakini alikuwa na mwandiko mzuri kuliko sisi watoto wake wote. Mwandiko huo mnaujua. Uko kwenye chupa zenu nyumbani: tarehe ya kupikwa juu, tarehe ya kufunguliwa chini. Ole wake aliyefungua mapema.

Januari 1971 alienda Kitale kufanya kazi ya nyumbani kwa familia moja iliyokaa karibu na msikiti. Katika nyumba hiyo alimkuta bibi arusi mgeni wa rika lake, Zulekha, ambaye ameketi nasi leo hapa mbele. Mama Zulekha ndiye aliyemfundisha kupika chatini, ile achari tamu ya matunda. Siku ya kwanza Mama alishika mwiko kwa mikono miwili.

"Wewe Wilkista, unasonga ugali?" Zulekha akamwuliza. "Hii haipigani na mtu. Ibembeleze."

Akajifunza kuibembeleza. Mapera yaliyotolewa mbegu, vitunguu, tangawizi, pilipili, sukari nguru, mdalasini, karafuu, na siki. Moto mdogo, saa mbili na zaidi. Ukipitisha mwiko chini ya sufuria na njia yake ikabaki wazi, imeiva. Halafu chupa zilizochemshwa zinajazwa, na zinakaa wiki nne bila kuguswa.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na baba yetu, Mzee Khisa, katika kanisa la Marafiki, akahamia boma hili. Walijaliwa watoto wanne. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mpishi wa shule, na Jumamosi alipika chatini. Hakuna aliyefukuzwa hapa akija na chupa tupu iliyooshwa na yenye kifuniko chake. Walikuja walimu, watu wa bodaboda, na akina mama kutoka Kipsongo waliokuja kupura mahindi. Wote walirudi na chupa imejaa.

Kuna jambo moja ambalo Mama mwenyewe alitaka lisomwe siku ya leo. Alisema lisiposomwa yeye atalisoma.

Tarehe 15 Oktoba 1994, Fardosa, binti ya Mama Zulekha, aliolewa Kitale. Chatini ya arusi aliombwa Mama, ndoo mbili. Mwezi mmoja kabla, siki ilikosekana katika kila duka la hapa. Sasa, Agosti hiyo tulikuwa tumetahirisha, na chungu kimoja cha busaa, pombe ya nafaka ya sherehe, kilisahaulika nyuma ya ghala. Nyanya yetu, mama mkwe wake, akamwambia, "Siki ya duka ni ya nini, na hii inachoma hivi?"

Mama hakuwahi kunywa pombe maishani. Alionja tone moja, akaona ni uchachu mtupu. Kwake hiyo ilikuwa pombe iliyoharibika, na kitu kilichoharibika hakilewi mtu. Akapika.

Siku ya arusi, sahani za biriani zilikuwa tayari kutoka. Bilan, wifi yake Mama Zulekha, alifunua ndoo akanusa.

"Wilkista, siki hii umetoa wapi? Inanukia vizuri hivi!"

"Ni ya mama mkwe. Busaa yake ilichacha."

"Busaa? Si ile pombe?"

"Ilikuwa pombe. Sasa imeharibika, bana."

Hakuna aliyecheka. Mama Zulekha aliweka mwiko chini, akasema neno moja tu: "Mwaga."

Zikamwagwa zote mbili kando ya ua. "Ati ulitaka tukule pombe kwa arusi ya mtoto?" Bilan akauliza. Alitusimulia mara nyingi kwamba akitoka langoni saa hiyo, alijua hataingia tena katika nyumba hiyo. Kwa hiyo hakutoka. Alivua mtandio, akaomba mananasi na ndimu, akaketi na nguo zake za arusi akamenya na kupika upya. Ilitoka ikiwa moto, haijakaa hata dakika kumi, na wageni wakaila. Lakini rafiki yake hakumsemesha siku hiyo, wala miezi miwili iliyofuata. Miezi hiyo Mama hakupika chupa hata moja. Baba alisema hata chumvi kwa mboga alikuwa anaisahau.

Desemba, mchana, Mama Zulekha akaingia hapa na kikapu cha ndimu. Hakubisha hodi.

"Wilkista, tulimwaga bure."

"Unasema?"

"Nimeuliza sheikh. Nilikuwa naona haya, lakini nimeuliza. Ameniuliza kama kuna kitu iliwekwa ndio igeuke. Nikamwambia hapana, ilisahaulika tu. Akasema basi hiyo ni siki kama siki ingine. Ndoo mbili, Wilkista! Na vile ilikuwa inanukia!"

Walicheka mpaka nyanya akatoka nyumbani na fimbo, akidhani kuna nyoka.

Tangu siku hiyo Mama alipika kwa ndimu tu, bila siki, na chupa ya kwanza ya kila mapishi ilifunguliwa na Mama Zulekha. Naye kila mwaka alimwomba, "Nipikie ile ya busaa, nionje tu, nisife bila kujua." Mama alikataa. "Mama Fardosa, hata sheikh akuje hapa na kijiko yake, sipiki. Niliona uso yako siku ile."

Mwaka wa 2019 Mama alipatikana na ugonjwa wa sukari. Daktari alimkataza kuonja alichopika. Wengi tulidhani ataacha. Hakuacha. Alijifunza kusikiliza sufuria: ikitokota haraka bado ina maji, ikianza kupiga polepole na kwa uzito, imekaribia. Kuonja alifanya Mama Zulekha, aliyekuja kila mapishi akisema, "Ulimi wako umefika." Mwaka jana figo zilianza kumsumbua, na miguu ikakosa nguvu. Alifariki Jumapili, tarehe 4 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri, hospitalini Kitale, akiwa ameshikwa mkono na binti yake.

Mapishi yake ya mwisho yalikuwa Jumamosi tarehe 19 Aprili, akiwa ameketi kwenye kigoda na kutuelekeza kwa fimbo. Zilipatikana chupa kumi na mbili. Wengi mmeuliza tangu jana kama zitatolewa leo. Mtusamehe. Zimeandikwa tarehe 17 Mei, na mwenyewe alisema, "Msifungue kwa matanga. Watu wa matanga wanamaliza hata kifuniko."

Kumi na moja ni za ndimu. Ya kumi na mbili ni ndogo, imefungwa uzi mwekundu shingoni. Mama Zulekha hajui habari zake. Anazisikia sasa pamoja nanyi. Mwezi wa pili Mama aliagiza busaa kwa jirani, ikawekwa chunguni pembeni mwa jiko, na kila Jumapili baada ya ibada aliinama kuinusa. Hakuna mtu aliyeitia kitu. Iligeuka yenyewe. Mimi nilikuwa hapo.

Mama Zulekha, chupa hiyo ni yako. Iko chini ya kitanda chake, upande wa dirisha. Umengoja miaka thelathini, zimebaki siku saba.

Marehemu ameacha mume wake, Mzee Khisa. Watoto wake Wabwile, ambaye ameandika haya, Nangila, Barasa na Nelima. Wajukuu kumi na mmoja, vitukuu wawili, ndugu yake Masika, na rafiki yake Zulekha.

Mama, lala kwa amani. Hatutafungua mapema.