Mzee Eleuterio na Lugha Aliyowaficha Wanawe

Wasikilizaji wapendwa, saa hii nyumbani kwa akina Cuatecontzi wanasali sala ya siku ya saba. Zimebaki siku mbili zitimie tisa za matanga. Kisha ule msalaba wa chokaa waliouchora sakafuni utazolewa na kupelekwa makaburini. Tukae nao kidogo.

Tunamkumbuka mzee Eleuterio Cuatecontzi. Amefariki akiwa na miaka themanini na mmoja. Alifuma vitambaa kiwandani, mjini Puebla, kwa miaka thelathini na minne. Alizaliwa San Lucas Atzompa, chini ya mlima Malinche, na huko ndiko alikozikwa. Haya nimeyapata kwa binti yake, Amparo. "Usimpambe baba," aliniambia. "Sema kama yalivyokuwa."

Basi nitasema kama yalivyokuwa.

Eleuterio alianza shule akiwa na miaka saba, na Kihispania hakujua hata neno moja. Kwao walizungumza Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Meksiko tangu kabla ya Wahispania. Siku moja alimwomba mwalimu ruhusa ya kutoka nje, akaomba kwa Kinahuatl. Mwalimu akasema hatoki mtu hapa mpaka aombe kwa Kihispania. Mtoto akasimama mbele ya wenzake, miguu ameibana, maneno hana. Mwishowe akajikojolea. Darasa zima likacheka, na jina walilompa siku ile walimwita nalo mpaka alipohama kijiji.

Kisa hiki yeye mwenyewe hakukisimulia kamwe. Amparo amekisikia mwaka huu, kwa shangazi yake.

Akiwa na miaka kumi na minane Eleuterio alishuka Puebla. Akapata kazi, akamwoa Herlinda, msichana wa mjini, ambaye sasa ni marehemu. Kiwandani aliwaambia watu kwamba amezaliwa palepale mjini. Amparo alipozaliwa, mama yake Eleuterio, Bibi Tomasa, alikuja kumwona mjukuu. Alileta kuku wawili na kikapu cha mahindi. Akampakata mtoto, akaanza kumwimbia kwa Kinahuatl.

Eleuterio akasimama mlangoni. "Mama," alisema, "humu ndani usimwimbie hivyo. Sitaki mwanangu achekwe."

Bibi Tomasa alimrudisha mtoto kwa mama yake, akakunja shali yake. Asubuhi alipanda basi akarudi kijijini. Hakuja tena Puebla mpaka anakufa.

Wasikilizaji wapendwa, alipokufa bibi huyo Eleuterio alikwenda kumzika. Dada yake, Sabina, alimkaribisha kwa Kinahuatl. Yeye akajibu kwa Kihispania, kwa sababu mke na watoto walikuwa wamesimama pale. Sabina akamwambia mbele ya watu, "Hata juu ya kaburi la mama unatuonea haya." Ndugu hao wawili hawakusemeshana tena kwa miaka ishirini na tisa.

Nyumbani kwake Eleuterio alikuwa baba mpole. Aliwashonea wanawe mifuko ya shule kwa vipande vya kitambaa. Mwanawe wa kiume, Efrén, anasema hakuwahi kumsikia baba akipaza sauti. "Ila ukimuuliza habari za kwao," anasema Efrén, "anainuka kwenda kumwagilia maua. Maua yale yalinyweshwa mpaka yakaoza mizizi."

Mzee alianza kusahau miaka miwili iliyopita. Kwanza majina, halafu njia ya kwenda sokoni. Kisha Kihispania kikaanza kumtoka. Asubuhi moja mezani, Amparo alimuuliza kama ataongeza maharage. Mzee akamjibu kwa Kinahuatl. Amparo alidhani anaropoka. Akarudia swali, na mzee akarudia jibu, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto.

Kufikia Krismasi, Kihispania kilikuwa kimekwisha chote. Daktari alieleza kwamba kwa baadhi ya wazee hutokea hivyo, lugha ya utotoni ndiyo hubaki ya mwisho. Lakini lugha ile ndani ya nyumba ile hakuna aliyeijua.

"Tulikuwa tunaonyeshana kwa vidole kama mabubu," anasema Amparo. Efrén alijaribu mzaha. "Huenda anatutukana siku nzima, nasi tunamwambia asante baba." Walicheka kidogo. Hawakucheka sana.

Kuna maneno aliyoyasema kila siku alasiri. Yaleyale. Alimshika Amparo mkono, akamtazama usoni, akasema, kisha akasubiri jibu. Jibu lisipokuja, machozi yakamtoka. Amparo akayarekodi kwenye simu. Akapanda basi kwenda San Lucas Atzompa, kumtafuta shangazi ambaye mara ya mwisho alimwona akiwa msichana.

Alimkuta jikoni, akichoma chapati za mahindi kwenye kikaango cha udongo.

"Mimi ni Amparo, wa Eleuterio."

"Nimeona. Una paji lake la uso."

"Shangazi, baba anaumwa. Anaongea Kinahuatl tu, na sisi hatumwelewi."

Sabina aligeuza chapati. "Miaka ishirini na tisa," alisema. "Leo mmenikumbuka kwa kuwa mnataka mkalimani."

"Ndiyo, shangazi," Amparo akajibu. "Ndiyo maana nimekuja. Sina sababu nyingine nzuri zaidi."

Akatoa simu yenye sauti ya baba. Sabina akanyoosha mkono, akaipokea. Alisikiliza mara moja, akasikiliza tena. Chapati ikaungua kikaangoni, hakuiepua.

"Anasema hivi," alisema mwishowe. "Wewe ni mtu mwema, mama. Mnanilisha, mnaniosha. Lakini sijui ninyi ni watu wa nani. Nambie, wanangu wako wapi?"

Siku hiyohiyo Sabina alivaa shali yake, wakapanda basi pamoja. Njiani Amparo aliomba afundishwe namna ya kusema, mimi ni binti yako. Yalikuwa maneno machache tu. Aliyarudia njia nzima, abiria wanamtazama.

Walipofika, Amparo akampigia baba yake magoti, akayasema. Mzee alimsikiliza kwa makini sana. Akatabasamu. Akamgeukia dada yake, akasema kitu.

"Amesema nini?" Amparo akauliza.

Sabina hakutaka kujibu. Akabembelezwa. "Amesema, huyu mgeni anajitahidi. Binti yangu sasa angekuwa mkubwa kama yeye."

Mzee Eleuterio aliishi wiki kumi na moja baada ya siku ile. Sabina hakuondoka kando yake. Alimwelewa kila neno. Ila binti yake Amparo, mzee hakumtambua tena. Narudia, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu Amparo mwenyewe alitaka isemwe. Hakumtambua tena.

Alipofariki, Sabina alitaka azikwe kijijini. Kamati ya makaburi ikakataa. Eleuterio hakuwahi kushika jembe siku za kazi za pamoja, hakuwahi kubeba zamu yoyote ya kanisa. Mtu wa namna hiyo hana udongo San Lucas. Sabina akasimama mbele yao. "Mimi nimefanya zamu zangu zote," alisema. "Nafasi iliyo kando ya mama ni yangu. Mwekeni yeye."

"Na wewe je, mama Sabina?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi mtanitupa popote. Yeye ndiye aliyekuwa akilia kurudi nyumbani."

Wakamzika kando ya Bibi Tomasa.

Amparo alimuuliza shangazi yake kama amemsamehe kaka yake. "Sijui," alijibu. "Nilimwosha, nikamvisha. Mengine sijui."

Kwa Amparo, Efrén, mama Sabina na ukoo wote wa Cuatecontzi, sisi wa redio hii tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu ampokee mzee wetu.

Na wewe unayesikiliza, kama kuna mzee nyumbani kwako mwenye maneno ambayo hukuwahi kumuuliza, kaa naye leo. Anza na jina la mama yake.

Jana nilimuuliza Amparo watafanyaje mwezi wa Novemba, marehemu wanaporudi kututembelea, watakapomwandalia meza pamoja na wengine. Alisema watamwekea mkate, maua ya manjano na maharage aliyoyapenda, na shangazi ndiye atakayemkaribisha kwa Kinahuatl.

"Shangazi ana miaka sabini na minane," alisema. "Yeye akiondoka, baba atakuwa anakuja kila mwaka, na hakuna atakayemjibu."