Kwa Nini Mwalimu Kanini Alikuwa Akianguka
Na Jaafar Mwinga, mwalimu wa Jiografia

Tarehe 31 Oktoba mwaka huu, Mwalimu Kanini Kimanzi anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Baiolojia na mpira wa magongo katika shule yetu ya wasichana hapa Msambweni. Wa kumrithi kwenye Baiolojia tumeshampata. Kwenye magongo, walimu tulibaki tukitazamana.

Alitoka Shimba Hills, walikohamia wazazi wake kutoka Ukambani, akaja na magongo machache aliyoyafunga kwa kamba ya katani. Alikuta wasichana waliokulia shambani. Gongo walilishika kama jembe, mkono mmoja juu na mwingine katikati, wakalinyanyua kupita kichwa, na refa akapuliza filimbi hadi akachoka. Mwalimu hakuwagombeza. Aliwaambia mshiko huo unafaa kukokota mpira, lakini wakitaka kupiga, mikono yote iungane juu, bega la kushoto lielekee goli, na macho yasiuache mpira. Muhula haukuisha kabla ubao wa nyuma ya goli haujaanza kulia kwa kishindo cha mipira. Mpishi alilalamika kwamba anashtuka jikoni.

Kilichowashinda kilikuwa ni adabu yao. Msichana wa huku akimwona mwenziwe ameanguka, miguu husimama yenyewe. Katika fainali ya kaunti mwaka jana, mshambuliaji wetu Sidi alibaki na goli tupu mbele yake, mara beki akateleza. Sidi aliuacha mpira, akamwinua beki, akampa pole na kumpangusa vumbi. Wapinzani wakaondoka na mpira, wakafunga, wakachukua kombe. Mwalimu alikuwa amefika fainali hiyo mara kadhaa bila kuligusa kombe, na sasa alibakiwa na mwaka mmoja tu. Tulidhani angemkaripia Sidi. Badala yake, alitumia njia nzima ya kurudi kutafuta dawa ya adabu hiyo.

Muhula uliofuata likazuka jambo la ajabu. Kila jioni, kutoka dirisha la ofisi ya walimu, tulimwona Mwalimu akianguka. Yuko wima, mara yuko chini mchangani. Wengine walisema ni presha. Mimi, mdadisi kuliko wote, nilishuku viatu. Mwalimu Mkuu, Bwana Charo, akamtuma Bi Beryl, muuguzi wa shule, na mashine yake ya kupimia presha. Bi Beryl alirudi akicheka, mashine haijafunguliwa.

Kumbe Mwalimu alikuwa akijiangusha kwa makusudi, pale pale washambuliaji wanapokaribia goli, ili wazoee. Kanuni yake ilikuwa fupi: "Piga kwanza, kisha pole." Na pole yenyewe ilikuwa lazima. Aliyefunga bila kurudi kumwinua aliyeanguka alizungushwa uwanja mbio.

Julai mwaka huu, Diani, ikafika fainali yake ya mwisho. Zikiwa zimebaki dakika chache, bila kwa bila, Sidi akapenya na mpira. Mwalimu, akimfuata mbio kando ya uwanja, alijikwaa kwenye dumu la maji na kuanguka kweli, uso mchangani. Walimu tuliruka kutoka kwenye viti. Wasichana hawakugeuka hata mmoja. Sidi akaunganisha mikono, akaelekeza bega, akapiga. Ndipo timu nzima ikamkimbilia Mwalimu: pole Mwalimu, pole sana, umeumia? Kifundo kilikuwa kimevimba, na kombe alilipokea akiwa ameketi. Goli lenyewe hakuliona. Alisikia ubao ukilia, akajua.

Mwalimu Kanini, tunakushukuru kwa yote, na tutakukumbuka sana. Mungu akujalie afya njema, shamba lenye rutuba, na miaka mingi ya kusimama wima. Usiwe na wasiwasi na magongo. Jana jioni nilivaa viatu vya michezo, nikaenda kujiangusha mbele ya goli. Walipiga kwanza.