Mkanda Ambao Mzee Ndunda Hakuuvuta

Na Ayub, karakana ya injini

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Mzee Laban Ndunda anastaafu baada ya miaka ishirini na saba kwenye gati la Bustani ya Bwawa la Kwa Mulei. Alianza tukiwa na mashua moja ya makasia, tena iliyovuja. Anatuachia mashua za injini, vimashua vya pedali vya watoto na banda zima la jaketi za kujiokoa. Kuna watu hapa Machakos aliowavalisha jaketi wakiwa wa nasari, akaja kuwavalisha tena siku ya harusi yao.

Wanaomjua wanajua mikono yake. Hakuna aliyepanda mashua kwa kusema tu kwamba amevaa jaketi. Mzee alikushika mabegani na kuivuta juu kwa nguvu, kama mtu anayeng'oa muhogo. Ikifika masikioni, imelegea, na unafungwa upya: kifungo cha kifua, cha tumbo, na ule mkanda unaopita chini katikati ya mapaja ambao wengi huona aibu kuuvaa. Bwana harusi mmoja alilia kwamba suti yake itaharibika. Picha zake zote za majini ana jaketi ya rangi ya chungwa, na bibi harusi vilevile, na mwaka jana walirudi na watoto wakavalishwa bila ubishi.

Mheshimiwa mmoja alikataa kuvaa, akaachwa nchi kavu akiwapungia wapiga kura wake mkono. Vijana wa kiwanda kimoja cha Athi River walikuja kufunga mwaka wakiwa tayari wamekunywa kidogo. Mzee aliwanusa mmoja mmoja, akawaelekeza kwa nyama choma. Na upepo ulipoanza kushuka kutoka milimani alasiri, alipuliza filimbi, na hata meneja akiwa majini na wageni wake alirudi.

Ningependa kuishia hapo, niende kwenye shukrani. Lakini kamati ya kumuaga ilipompelekea habari za wasifu huu, Mzee aliukubali kwa sharti moja, kwamba Mama Mukai awemo. Bila hivyo, alisema, tumnunulie blanketi tu na tunyamaze.

Mama Mukai alikuwa mama mkwe wake. Alikuja Jumamosi moja ya Agosti, miaka kumi sasa imepita, pamoja na akina mama wa kanisa lao kutoka Mwala, kwa basi la kukodi. Hakujua kuwa mkwewe yuko zamu. Mzee alimwona akiteremka ngazi za gati, akafanya alivyolelewa kufanya. Alisogea pembeni na kugeuza uso. Sisi wa hapa tunaiita nthoni, ile heshima ya mkwe. Mama wa mke wako humkaribii, humtazami machoni, humgusi. Sasa utamshikaje mabegani? Na ule mkanda wa chini, utaupitishaje?

Hakukuwa na mwanamke yeyote kati ya wafanyakazi wa gatini siku hizo. Mzee alitundika jaketi kwenye reli, akamwomba mama mmoja wa kanisa amsaidie mwenzake kuvaa. Yule mama alifanya alivyoweza. Aliivalisha juu ya leso na sweta, akafunga kifungo cha kifua, akadhani yamekwisha. Mzee aliwakagua wanawake wengine wote. Kwa Mama Mukai aliuliza tu, akiwa amempa mgongo, kama amefungwa vizuri. Akajibiwa ndiyo.

Katikati ya bwawa baadhi yao walisimama kupiga picha, wote upande mmoja, ingawa walikuwa wameambiwa wakae. Mashua ililala, akina mama watatu wakaanguka. Wawili waliibuka mara moja, wakaelea na jaketi zao wakipiga mayowe. Ya Mama Mukai ilielea peke yake. Ilikuwa imemvuka kichwani.

Mzee ndiye aliyeruka, na ndiye aliyempata. Alimbeba mikononi hadi ufukweni, akampulizia pumzi, akamkandamiza kifua mpaka tukamwondoa. Kwa miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kumgusa yule mama hata kwa salamu ya mkono, na siku alipomgusa alikuwa amechelewa. Sisi tuliokuwepo hatuipendi Agosti.

Uchunguzi ulisema abiria alikuwa amevaa jaketi kama kanuni inavyotaka, na wenye makosa ni waliosimama. Mzee angeweza kukaa kimya. Alikwenda kwa meneja mwenyewe, akaeleza alivyogeuza uso, akaomba mambo mawili. La kwanza, gati lisifunguliwe tena bila mwanamke zamu. Ndivyo Kasiva alivyotolewa kwenye dirisha la tiketi, na leo anavuta mabega kuliko mwalimu wake. Kina mama Waislamu wa mjini, ambao zamani waliishia kutazama wengine wakizunguka, siku hizi wanapanda kwa sababu yake. La pili ni lile swali ambalo wageni wa Nairobi hulicheka, la kuuliza kabla ya kila safari nani hapa ni mkwe wa nani. Wakamba hawalicheki. Wanaangalia chini, kisha mmoja anasogea kwa Kasiva.

Tangu siku ile hatujampoteza mtu. Ukimsifu Mzee kwa hilo, anaondoka na kwenda kupanga makasia yaliyokwisha kupangwa.

Mke wake, Mama Syokau, hajakanyaga bwawani tangu mazishi. Nilikwenda Mwala kumwalika. Alinikaribisha vizuri, akaniwekea chai, halafu akasema: "Mama angefungwa na mtu mwenye hamjui, saa hii angekuwa hai. Huyu alimheshimu. Nitamlaumu aje mtu kwa kuheshimu mama yangu? Lakini kwa maji sifiki, Ayub."

Nilikunywa chai yangu.

Ijumaa, baada ya chakula, Mzee Ndunda atapanda mashua akiwa abiria, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Kasiva atamfunga vifungo vyote na kumvuta mabegani. Upepo ukianza, tutaahirisha, maana ndivyo alivyotufundisha.

Mzee, tunakushukuru kwa kila bega ulilolivuta. Tunasikitika kwamba unaondoka, na tunasikitika zaidi kwa lile moja unaloondoka nalo. Kastaafu salama, mbuzi wako wanenepe, na maisha ya Mwala yakutendee mema.

Asubuhi hii Mama Syokau amenipigia simu. Amesema atafika hadi getini, si zaidi, na tumemwekea kiti karibu na kibanda cha askari. Kwa hiyo zunguka bwawa mara moja tu, Mzee, ushuke. Unangojwa getini.