Mama, Sasa Pumzika

Fundi cherehani alifumba macho treni ilipoondoka, ila masikio yake yalibaki kazini. Kiti cha mbele, muuguzi mmoja alikuwa akimsimulia jirani yake, mzee aliyestaafu udereva, jinsi mama mkwe wake alivyohama nyumbani.

"Magoti yalikuwa yamemvimba, baba. Nikampokea mwiko, nikamwambia, 'Mama, sasa pumzika.' Kesho yake akafungasha, akaenda kwa binti yake. Mwezi wa pili huu hapokei simu yangu, ndiyo leo namfuata huko."

"Alisikia kwamba hana kazi tena mle ndani."

"Sikumaanisha hivyo!"

"Najua, mwanangu. Mimi pia bosi aliniambia nikapumzike, na kwa nia njema kabisa. Nililia chooni."

"Kwa hiyo mimi ndiye mwenye makosa?"

"Sijasema hivyo."

"Mbona mimi ndivyo nilivyosikia?"

Fundi nusura acheke.

Treni ikapunguza mwendo. Muuguzi akasimama mlangoni, akinong'ona peke yake: "Mama, nimekuja kukuchukua." Akatikisa kichwa. "Mama, jiko limenishinda."

Mlango ukafunguka, akashuka.